Kurudi kwenu Pemba: namna ya kupanga safari hata umfikie kila anayekungoja

Mimi ni mtoto wa Wete niliyeolewa Dar es Salaam. Kila baada ya mwaka au miaka miwili huenda kwetu na wanangu. Safari zangu za mwanzo nilikuwa nikifika, siku kumi zinapita sijui zimepitia wapi, na asubuhi ya kuondoka mama ananambia, "Hukwenda kwa bibi yako wa Gando." Bibi yule alikuwa akiniulizia kila wiki. Safari iliyofuata nilikwenda Gando nikaoneshwa kaburi.

Tangu hapo nina utaratibu wangu, na nauandika kwa yeyote ambaye kwao ni Pemba na maisha yamemweka Bara, Unguja au ng'ambo. Mwenye kwao Unguja ataona mengi ni yale yale, ila bahari yake ni fupi.

Hatua ya kwanza: daftari kabla ya tiketi

Mwezi mmoja kabla ya safari, mpigie simu mtu mmoja anayezijua habari za ukoo mzima. Kwangu ni dada yangu mkubwa. Usimuulize "habari za huko", maana atakujibu "nzuri" hata kama paa limeezuliwa na upepo. Muulize kwa mafungu: nani amefariki tangu nilipoondoka? Nani anaumwa? Nani ameoa au kuolewa, nani amejifungua, nani ameachika? Halafu muulize na hili: nani hasemi na nani?

Swali la mwisho wengi huliruka, na ndilo linaloharibu ziara. Ikiwa shangazi zako wawili wana ugomvi wa kiwanja, ukitoka kwa mmoja ukaingia kwa mwengine huku umebeba sahani ya yule wa kwanza, umeshahesabiwa upande. Ukijua mapema utawatembelea siku mbali mbali, na ukiulizwa "mwenzangu anasemaje?" utajibu "anakusalimu" na kuishia hapo.

Yaandike majina yote. Ukurasa wa kwanza waliofiwa, wa pili wazee na wagonjwa, wa tatu harusi na watoto wachanga, wa mwisho marafiki. Pembeni ya kila jina andika kijiji, kisha uwapange kwa njia za gari. Kutoka bandari ya Mkoani hadi Chake Chake ni kiasi cha kilomita 30, na Chake hadi Wete karibu kiasi hicho hicho. Kwenye ramani si kitu, lakini gari ya abiria inasimama kila penye mtu na kila penye kapu. Wa Mtambile, Kengeja na Chambani wawekee siku yao. Wa Konde, Tumbe na Micheweni siku nyengine. Kwenda Kengeja na Konde kwa siku moja nimewahi kujaribu, nikazifikia nyumba mbili tu, na kote nikakaa nusu saa huku natazama saa.

Wenye kwao kisiwani kama Kojani au Fundo wana hesabu moja zaidi, ya maji. Ulizia kama siku zako zitaangukia bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na saa za kujaa na kupwa, usije ukakaa pwani na mizigo unasubiri kina.

Sasa hesabu siku. Nyumba tatu kwa siku ndicho kiasi, nne kama ni za jirani. Ukiwa na siku kumi, ya kufika na ya kuondoka hazimo, na Ijumaa kabla ya sala haina ziara, basi una siku saba za kweli, yaani nyumba ishirini na moja. Ikiwa daftari lina majina arubaini, ongeza siku au punguza majina ukiwa bado Dar. Ukisubiri kuyapunguza ukiwa kule, yatajipunguza yenyewe, na yatakayokatika ni ya wazee wanaokaa mbali.

Hatua ya pili: chagua wakati

Kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma kiasi cha Aprili hadi Septemba na hukaza Juni, Julai na Agosti. Miezi hiyo mkondo wa Pemba unachafuka, na mwenye mtoto mdogo au mama mjamzito aifikirie mara mbili. Oktoba na Novemba, wakati wa maleleji, bahari hutulia, ingawa mvua za vuli zipo. Masika, Machi hadi Mei, njia za udongo za vijijini zinakuwa matope matupu.

Ramadhani ni mwezi wa heri, ila ziara za mchana hazina raha. Watu wamefunga, wanapumzika, na wanawake kuanzia laasiri wako jikoni. Ziara huwa baada ya tarawehe. Idi utawakuta wengi kwa pamoja, kwani sikukuu kwetu inakwenda siku nne na kila aliyeko mbali anajitahidi kurudi. Lakini boti hujaa, na kila mtoto utakayekutana naye anatarajia pesa za sikukuu.

Mimi napenda msimu wa karafuu. Aghalabu mavuno huanza Julai na kuendelea kuelekea mwisho wa mwaka, ingawa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mchana huwapati watu nyumbani, wako mashambani juu ya mikarafuu. Jioni ndipo hurudi na magunia, karafuu zikamwagwa juu ya jamvi, na nyumba nzima ikakaa kitako kuchambua, karafuu huku na makonyo, vile vikonyo vyake, kule. Kaa nawe uchambue. Mikono ikiwa kazini midomo inafunguka, na habari ambazo mtu hakuambii akiwa amekutengea chai atakwambia juu ya jamvi lile, mpaka taa zinazimwa.

Hatua ya tatu: bahari

Kutoka Dar, boti ya mwendo kasi hadi Unguja ni kiasi cha saa mbili. Ya kwenda Pemba huwa inapitia Unguja, na haiondoki kila siku kama za Unguja, kwa hiyo thibitisha siku na saa kabla ya kuomba likizo kazini. Nyingi hutia nanga Mkoani, chache Wete. Ndege ndogo kutoka Unguja hadi uwanja wa Pemba, karibu na Chake, ni kama nusu saa, ila mzigo ni kilo chache tu, aghalabu 15, na zawadi zako hazitatosha humo. Kwa mzee anayeumwa mgongo, ndege ina thamani yake.

Chukua kitambulisho cha NIDA au cha Mzanzibari Mkaazi, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho. Tiketi inunue ofisini kwa wenye boti, si kwa kijana anayekufuata njiani bandarini.

Kwa kichefuchefu, meza kidonge kama nusu saa kabla boti haijang'oa nanga. Ukingoja mpaka tumbo limeanza, umechelewa. Kaa chini, katikati kuelekea nyuma, pasiporuka sana. Kula kitu kikavu kidogo, na utazame mbali baharini, usitazame simu. Watoto wape tangawizi ya kutafuna na uwe na nguo ya kubadilisha karibu, si ndani ya sanduku lililopakiwa.

Na hili nalisema kwa moyo mzito. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu wengi kupita kiasi kilichoruhusiwa. Hakuna kijiji kwetu ambacho hakikuguswa, na katika ziara zako utaingia nyumba ambazo bado zina pengo la usiku ule. Ukiona chombo kimejaa hata watu wamesimama penye njia, shuka. Tiketi itapotea, lakini wa nyumbani watakusubiri siku mbili zaidi.

Hatua ya nne: zawadi

Si lazima uwe tajiri, ila mikono mitupu haifai. Vitu vyenye faida ni vile vinavyotumika: sabuni, mchele mzuri, vitunguu na mbatata za Bara, nguo za watoto, madaftari ya skuli. Kwa wazee kuna kitu kimoja ambacho sijaona kikikosa kupendwa, nacho ni miwani ya kusomea. Babu yangu mdogo alikuwa ameacha kusoma msahafu kwa sababu ya macho, akisingizia uchovu. Jozi moja ya bei ndogo ya Kariakoo ilimrudisha kwenye juzuu yake jioni ile ile.

Kwa wanawake, kanga. Doti moja kwa mama, moja kwa kila shangazi na khalati, moja kwa wifi. Lakini soma jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kulipa, na ulisome kwa macho ya atakayepewa. Niliwahi kununua doti sita za rangi moja kwa haraka. Mojawapo iliandikwa "Hasidi hana sababu", na hiyo ndiyo iliyomwangukia wifi yangu. Alipokea, akashukuru, akaikunja. Mwaka mzima hakunipigia simu, na mimi sikujua kosa langu mpaka dada aliponambia. Nilikwenda kumwomba radhi na doti nyengine mkononi, yenye dua. Hakukusudia kununa, lakini kanga inasema, na aliyeitoa ndiye anayehesabiwa kuwa amesema.

Dawa usimpelekee mtu kwa kubahatisha. Mwenye shinikizo la damu akupe jina la dawa aliyoandikiwa, usimletee inayomfaa jirani yako wa Temeke.

Beba vitu kwenye vikapu na mabegi. Mifuko ya plastiki Zanzibar imepigwa marufuku tangu miaka ya 2000, hata kabla ya Bara.

Pesa za kutoa mkononi zivunje mapema: noti za elfu moja, elfu mbili na elfu tano, za kutosha nyumba zote. Kijijini ukiwa na noti ya elfu kumi peke yake utampa mtu asiyeitarajia na umnyime anayeihitaji. Nyengine ziache kwenye simu, kwani wakala wapo hata vijijini.

Hatua ya tano: siku ya kufika usitoke

Ukishuka Mkoani utakutana na wachukuzi. Mpe mmoja wao mzigo, mkubaliane bei kwanza, na umfuate kwa macho. Kisha panda gari hadi Chake na kwenu.

Siku hiyo kaa nyumbani. Majirani watakuja wenyewe kukuamkia, mama anataka kukutazama, watoto wamechoka. Anayetoka siku ya kwanza kwenda kwa rafiki, mama yake atalisema hilo miaka kumi ijayo. Na ukifika, rudi kwenye lugha ya nyumbani. Wanangu walishangaa kumsikia bibi yao akisema "ntoto". Nikawaambia hivyo ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nitakavyosema mpaka tuondoke.

Mwanao akipata homa siku za mwanzo, mpeleke akapimwe malaria. Kwetu imepungua sana, na nyingi inayopatikana imebebwa na wasafiri.

Hatua ya sita: ziara

Anza na waliofiwa. Hata kama msiba una mwaka mzima, maadamu hukuwepo, hujahani bado. Aliyefiwa akisikia umefika na umeshakwenda kwa rafiki zako ilhali kwake hujafika, hatasema kitu, ila utaona. Ingia kwa hodi na salamu, toa pole, hata neno moja la "makiwa" linatosha, kisha nyamaza. Muache yeye aeleze maiti yake aliumwa vipi na alisema nini mwisho. Wengi hukimbilia kusema "ndiyo kazi ya Mungu" kabla hata mtu hajafungua mdomo, wakamfungia maneno. Msikilize mpaka amalize, muombeeni dua maiti, na ubani wako, pesa za kumpa pole, umkabidhi wakati wa kuagana.

Ikiwa mjane yumo edani, ile miezi minne na siku kumi, wanawake tunaingia kwake ndani. Mwanamume asiyekuwa maharimu wake atoe pole kwa watoto na kaka zake barazani, na salamu zipelekwe na wanawake. Wanaume wazuru makaburi, wayapalilie majani. Sisi nyumbani kwetu huwa tunasoma hitma, kisomo cha Kurani na dua, siku moja kwa ajili ya wote waliotangulia tangu safari iliyopita. Mchele na nyama ya siku hiyo iwe juu yako uliyetoka mbali, lakini mpe pesa mama mapema afanye yeye, isionekane umekuja kuwalisha watu.

Baada ya waliofiwa, wazee na wagonjwa. Wakati mzuri ni asubuhi baada ya chai au jioni baada ya laasiri. Adhuhuri watu wamejilaza. Kwa mgonjwa usikae sana. Kwa mzee mzima kaa. Kaa hata pale mazungumzo yanapokwisha na anabaki anatazama nje. Mpe mkono, muamkie, umbusu mkono kama ndivyo mlivyozoea, na ukae mkekani alipo yeye. Usichukue kiti ukawa juu yake. Muulize ukoo: babu yetu alitoka wapi, shamba lile la Ole lilikuwa la nani. Ukiweza na akiridhia, mrekodi kwenye simu. Sauti ya bibi wa Gando mimi sina.

Chakula utapewa kila nyumba. Shelisheli la nazi, muhogo, samaki wa chukuchuku, mkate wa kumimina, na chai hata kama ni ya nne asubuhi hiyo. Usikatae. Toka kwenu na njaa kidogo, kwa kila nyumba onja, na sema umeonja kwa sababu umeshiba mapenzi. Nyumba unayojua ina dhiki usiiambie kabla kwamba unakwenda, maana watakopa kuku. Nyumba ya mkubwa wako, kinyume chake, ipe habari tangu jana, kwani kumvamia ni kumvunjia heshima.

Wakati wa kuagana, noti ikunjwe ndani ya kiganja na iingie kwenye mkono wa mzee mnapopeana mikono. Sema "za tambuu" au "za sabuni". Usiitoe mbele ya wageni wengine, wala usiitume kwa mtoto.

Na usiahidi. "Nitakutumia" ni neno jepesi la kuagania, lakini mtu wa kijijini analiweka moyoni na anahesabu miezi. Ukiahidi, andika kwenye daftari pale pale mbele yake.

Hatua ya saba: marafiki

Shoga zangu wa skuli ni wengi, na kila mmoja ana nyumba yake, mume na watoto. Siwazungukii mmoja mmoja. Nachagua alasiri moja, nawaita wote kwa mama, tunapika mikate ya ajemi na maharage ya nazi, tunakaa mpaka magharibi. Wanaume wana baraza na kahawa, mambo yao mepesi zaidi. Asiyeweza kuja, huyo ndiye wa kumfuata, kwa sababu mara nyingi ana jambo.

Ikiwa umeolewa au umeoa Bara, mwenzako mueleze kabla: mavazi ya stara, salamu ndefu, na kwamba kuulizwa "mtazaa lini tena?" na watu kumi hakuna ubaya ndani yake. Usimuache peke yake ukumbini na watu asiowajua huku wewe umezama kwenye soga za zamani.

Hatua ya nane: kuondoka

Siku mbili kabla, hidaya zitaanza kuingia: nazi, mkungu wa ndizi, muhogo, halua, samaki wa kukaanga, shokishoki kama ni wakati wake. Pokea zote, kisha kaa na mama muamue nini kinasafiri na nini kinabaki kwa jirani. Halua na samaki waliokaushwa vizuri husafiri. Muhogo ukikaa siku tatu umeshaoza.

Karafuu usizibebe. Atakayekupa amekupa kwa mapenzi, lakini karafuu za Zanzibar hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC, na kuzitoa kisiwani bila kibali huhesabiwa magendo. Bandarini wanakagua, na aibu yake utamuachia aliyekupa. Ukitaka harufu ya nyumbani, nunua mafuta ya makonyo yanayokamuliwa kiwandani Wawi, Chake, uchukue na risiti yake.

Usiku wa mwisho tunakaa mimi na mama tukalipitia daftari jina kwa jina. Tuliowafikia anawatia alama. Wasiofikiwa nawaandika kwenye kipande cha karatasi na kukitia ndani ya mkoba. Asubuhi boti ikishaondoka Mkoani, mtandao bado upo kwa muda kabla ufukwe haujapotea. Hapo huwapigia mmoja mmoja, nawaambia nilikuwa nyumbani, sikuwafikia, wanisamehe, na safari ijayo naanzia kwao. Majina yao ndiyo ya mwanzo kwenye daftari jipya.